Mwaka wa Digidigi

Rehema alifika msibani ibada ikiwa imeshaanza, na hata kwa kuchelewa huko alipendwa. Mimi nilikuwa pale kijijini Daudi tangu saa mbili asubuhi, nimejifunga kitenge kiunoni, nimemenya viazi karai zima, na hakuna aliyeniambia neno zaidi ya "sogea kidogo, Madam." Yeye alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, na wanawake wa jikoni, ambao wengi wao hawakuwa wamemwona kwa karibu miaka ishirini, wakaacha masufuria wakamkimbilia. Tulikuwa tunamzika Mkuu wetu wa shule wa zamani, mzee aliyetupokea sote wawili kazini pale Dongobesh tukiwa hatujui hata kushika chaki vizuri. Nilipaswa kumlilia mzee, lakini macho yangu yalikuwa kwa Rehema. Nina miaka arobaini na sita, nimefundisha hesabu hadi niliowafundisha wameanza kuniletea watoto wao, na bado nilipoona wale wanawake wakimfuta vumbi usoni kwa ncha za khanga zao, roho iliniuma palepale ilipokuwa ikiniuma zamani. Nikajiuliza lile swali langu la siku zote: kwa nini yeye?

Mwaka ninaoukumbuka tulikuwa tunakaa nyumba moja ya walimu, vyumba viwili na sebule katikati, sakafu ya saruji iliyokuwa baridi hata mwezi wa Februari. Mimi nilikuwa mtu wa hukuhuku, naijua baridi. Rehema alitoka Kondoa, akaja na blanketi moja jembamba, na wiki ya kwanza alilala amevaa sweta mbili na soksi. Alifundisha Kiingereza, mimi hesabu, wote Fomu Wani. Tulipika pamoja kwenye jiko moja la mkaa, maharage yake yakaiva haraka kuliko yangu, sijui kwa nini, mkaa ulikuwa uleule. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu hudhani wivu huanza kwa chuki. Mimi nilimpenda kwanza, halafu nikaanza kuhesabu. Nilihesabu wanafunzi waliobeba madaftari yake na waliobeba yangu. Nilihesabu mara alizosimama mbele paredi ya asubuhi. Mama yangu, ambaye hakuwahi kuchinja kuku bila Krismasi, alimtembelea Rehema mara moja tu pale kwetu, na safari iliyofuata tulipokwenda nyumbani akamtafuta Mwislamu wa kumchinjia jogoo ili mgeni ale bila wasiwasi. Mimi nilikula mapaja ya jogoo huyo nikiwa nimenuna. Mama akauliza, "Paulina, unaumwa?" Nikasema meno.

Mwaka huohuo tulikuwa na Mjapani, mwalimu wa kujitolea aliyeitwa Kenta, kijana mpole wa fizikia aliyeamkia kila mtu shikamoo, hata wanafunzi wa Fomu Foo, hadi tukamkataza. Alikuwa anapenda mchezo wa kwao, besiboli, kama sisi tunavyopenda mpira. Hatukuwahi kuuona. Alituchorea kwenye ubao wa ofisi ya walimu: uwanja una pembe nne, unapiga mpira kwa gongo, unakimbilia pembe ya kwanza, unasubiri hapo hadi mwenzako apige ndipo uendelee, na ukizunguka zote ukarudi ulipoanzia, umefika nyumbani, na hilo ndilo goli lao. Huko kwao, alisema, watu huchagua wachezaji wa timu mbalimbali wakaunda timu ya kichwani, kisha wanapata pointi kadiri wachezaji wao wanavyocheza kweli. Mwalimu Bura, wa historia, mtu wa makelele, akasema, "Kwa hiyo mimi nakuwa tajiri wa timu bila hata kununua viatu? Tuanze leo." Tukaanza watano. Kenta alibandika karatasi kubwa ya manila ukutani, na kila Jumamosi alipanda basi hadi Mbulu mjini, kwenye chumba kilichokuwa na kompyuta za intaneti, akarudi na daftari limejaa tarakimu. Mchezaji wako akifika nyumbani, pointi moja. Mchezaji wako akimpigia mwenzake mpira wa kumfikisha nyumbani, pointi moja. Wa mwisho kwa wiki alileta viazi vya kuchemsha vya chai ya Jumatatu.

Majina yao yalitushinda ulimi, tukawapa yetu. Rehema alichagua kijana mmoja mfupi, mwembamba, ambaye picha yake Kenta alikuwa nayo imekatwa gazetini, akamwita Digidigi. Sisi tulimcheka. Mimi nilichagua pande la mtu kutoka timu hiyohiyo, shingo kama kinu, nikamwita Dume. Kumbe Digidigi alikuwa mpigaji wa kwanza. Kenta alitufafanulia: "Wa kwanza si mwenye nguvu. Kazi yake ni kufika tu pembe ya kwanza. Akifika, walio nyuma wanamleta nyumbani. Tena yeye anapiga mara nyingi kuliko wote, kwa sababu zamu inaanzia kwake." Dume alikuwa wa tatu. Basi ikawa kila wiki Digidigi anafika kwa kupapasa mpira na kukimbia, Dume anaupiga mbali, Digidigi anarudi nyumbani anatembea, na Rehema anapata pointi, na mimi napata pointi. Hapo unaweza kudhani ningefurahi. Lakini ofisi nzima ilishangilia Digidigi. Hakuna aliyemshangilia Dume, wakati bila Dume yule mfupi angesimama kwenye pembe yake hadi jua lizame. Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuna moyoni kila Jumatatu, mdomoni natafuna viazi vya Bura.

Maana niliona Digidigi na Dume ni sisi wawili kabisa. Rehema alianzisha mdahalo wa Ijumaa, nani alipanga viti na kuandika majina? Rehema alisema watoto wa Fomu Wani waimbe kwa Kiingereza siku ya wazazi, nani alisimama nyuma akiwazuia wasicheke? Alianza kila kitu, mimi nikakimaliza, sifa zikaenda kwake. Mwezi wa tano ukaja mtihani wa ujirani mwema, ule wa shule jirani kutungiana na kusahihishiana, na Fomu Wani wetu wakaongoza hesabu. Hesabu, somo langu. Nikajua siku yangu imefika. Mkuu akasoma matokeo paredi, akanitaja, wakapiga makofi, halafu akasema, "Na Madam Rehema naye tumpongeze, watoto hawa amewapokea vizuri sana," na makofi ya pili yakawa makubwa kuliko ya kwanza. Nilisimama pale na cheti changu cha karatasi, nikajisemea, huyu hata kujumlisha kwa shida.

Mwezi wa sita, baridi ya kutoa mvuke mdomoni, Kenta alirudi Mbulu na habari kwamba Digidigi amehamishwa timu. Ofisi ikawaka. Bura alisema hakuna kitakachobadilika, miguu ni ya kwake mwenyewe, atakimbia popote. Rehema alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili, akaniuliza, "Paulina, wewe mwenye kichwa cha hesabu, thamani yake itapanda au itashuka?" Nikasimama ubaoni. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku hiyo. Nilimwomba Kenta anisomee wapigaji wa timu mpya mmoja mmoja, nikaandika. Nikaonyesha kwamba hata wakimwacha awe wa kwanza, walio nyuma yake ni dhaifu, atafika pembeni na kuganda. Na wakimshusha awe wa nane, zamu zake zitapungua kila mchezo. "Miguu ni yake," nikasema, "pointi si zake. Pointi zake zilikuwa za walio nyuma." Kenta alitikisa kichwa kukubali, akasema nimeelewa kuliko watu wengi wa kwao. Rehema akacheka. "Basi maskini Digidigi wangu." Nilirudi kukaa nikiwa nimeshiba.

Siku mbili baadaye Mkuu aliniita ofisini kwake. Alikuwa amevaa koti lake zito la kahawia, anasaini mahudhurio.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Kaa, Paulina. Funga huo mlango, upepo." Akavua miwani. "Mkoa unataka mwalimu mmoja wa Kiingereza aende shule mpya upande wa Hanang. Ninao wawili tu, Rehema na yule mzee ambaye mwakani anastaafu, huyo hawamtaki. Na hawataniletea mwingine mwaka huu. Nikiandika kwamba Rehema akiondoka shule itayumba, wataniachia. Lakini sipendi kuandika uongo. Wewe unakaa naye, na ni mtu wa hesabu. Akiondoka, tutayumba?"

Alikuwa ananiuliza kwa nia njema. Ningeweza kusema sijui, na angeandika barua yake, na Rehema angebaki. Nilisikia watoto nje wakifagia majani, wanaimba ule wimbo wa siku za wiki aliowafundisha Rehema.

"Hatutayumba, Mkuu," nikasema. "Anang'aa hapa kwa sababu ya sisi tulio nyuma yake. Sisi tukibaki, shule inabaki."

Aliniangalia kidogo. Kisha akavaa miwani, akaniambia nimshukuru mama kwa maziwa.

Rehema aliondoka wiki ya kwanza ya Julai. Hakulalamika hata kidogo, na hilo nalo lilinichukiza, nilitaka alie kidogo. Tulifunga godoro lake kwa kamba, nikamsindikiza hadi kwenye gari la Katesh, mji wa huko Hanang. Kwetu huku mtu akiwa na ng'ombe na hana malisho, humweka kwa jirani. Anayefuga anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na mfugaji ana wajibu mmoja mkubwa: kumpelekea mwenyewe habari za kweli, ng'ombe akizaa, akiumwa, hata akifa. Rehema alikuwa amejifunza desturi hiyo kwa mama yangu na akaipenda sana. Akiwa ameshapanda, ametoa kichwa dirishani, akasema, "Paulina, Digidigi nakuwekea umfuge. Pointi zake ni maziwa yako, kunywa. Na Fomu Wani pia nakuwekea. Uwe unaniletea habari." Nikasema nitaleta. Watoto kama thelathini walikuwa wametoroka shule kuja kumuaga, na nikawaandika majina.

Muhula wa pili ulikuwa wangu. Nilihamia chumba chake, kilichokuwa na jua la asubuhi. Nilichukua mdahalo, nilichukua paredi, nilifundisha hata vipindi vya Kiingereza vya Fomu Wani nilivyoweza, kwa kitabu chake alichoniachia kikiwa na penseli pembeni kila ukurasa. Mdahalo wa kwanza walikuja watu tisa. Wa pili, wanne, na wawili kati yao walikuwa wanakimbia zamu ya kuchota maji. Nilijipa moyo kwamba wanaomboleza tu, watazoea. Na kwenye manila kule ofisini, Digidigi alishuka kama nilivyosema. Kila wiki Kenta aliandika: alifika pembeni mara tano, nyumbani mara moja. Bura alinipa mkono. "Madam, wewe ni nabii." Nilipeleka habari Katesh kwa simu, ujumbe mfupi mfupi: Digidigi kashuka tena. Hiyo habari niliituma bila kuchelewa hata siku moja.

Halafu Dume akaanza kuzubaa. Mwanzo sikujali, nikasema amechoka. Mwezi wa nane ukaisha, nikawa naleta viazi mimi, Jumatatu mbili mfululizo, tatu. Nilimwuliza Kenta kama Dume ameumia. "Hapana," akasema, "anapiga vilevile, mbali vilevile." Akafungua daftari anionyeshe. "Ila sasa hana mtu wa kumleta nyumbani. Zamani anapiga, Digidigi yupo pembeni anasubiri. Sasa anapiga, pembeni hakuna mtu. Mwalimu Paulina, ile siku ubaoni ulihesabu upande mmoja." Alisema kwa adabu, karibu ainame. Nilimwambia nina kipindi, nikatoka, na sikuwa na kipindi.

Oktoba ulikuja ujirani mwema wa pili. Walifanya Fomu Wani themanini na wanne, wakafaulu hesabu kumi na mmoja. Nilipata karatasi zilizosahihishwa nikazipanga mezani sebuleni, nikazipitia moja moja, chai ikapoa. Penye tarakimu tupu, kujumlisha, kugawanya, walikuwa wamepata. Penye swali la maneno, mkulima ana magunia mangapi, basi limesafiri saa ngapi, palikuwa peupe. Ukurasa baada ya ukurasa, peupe. Kesho yake nilimshika msichana mmoja, Elizabeti, aliyekuwa wa tatu mwezi wa tano, nikamwuliza imekuwaje. Aliangalia viatu vyake.

"Madam, hatukuelewa swali linataka nini."

"Mbona mwezi wa tano mlielewa?"

"Madam Rehema alikuwa anatusaidia. Kila Ijumaa alitwambia tutoe madaftari ya hesabu. Anatufundisha maneno ya Kiingereza ya maswali. Hesabu alisema hajui, tukufuate wewe. Alitufundisha maneno tu."

Sikuwahi kujua. Miezi sita tumekula sufuria moja na hakuniambia, wala hakuwa ananificha, aliona tu ni kazi ndogo. Ule ushindi wangu, cheti changu, makofi yangu ya kwanza, yote yalikuwa yamesimama pembeni yakinisubiri kwa sababu yeye alikuwa ameyafikisha pale. Sasa nasema kwa utulivu. Siku ile nilimpa Elizabeti adhabu ya kufyeka kwa kuwa na soksi chafu.

Jioni hiyohiyo simu ikalia, ujumbe kutoka Katesh. Nimeukumbuka neno kwa neno maisha yangu yote: "Dada, huku nipo peke yangu, darasa lina watoto tisini, hakuna wa kunishika mkono. Wakati mwingine naona kama sifundishi kitu. Vipi Fomu Wani wangu?" Nilikuwa na zile karatasi mbele yangu. Niliandika, "Wanaendelea vizuri sana. Usijali." Nikaongeza kwamba Digidigi sasa wamemshusha wa nane. Akajibu, "Alhamdulillahi. Nimefurahi kwa watoto." Baada ya hapo ujumbe wake ukapungua, na Kenta alipomaliza muda wake na kurudi kwao, manila ikang'olewa ukutani, nasi hatukuwa na sababu ya kuandikiana.

Kwa hiyo pale Daudi, tulipokwisha kumsitiri Mkuu, tulikaa nyuma ya jiko la msiba, yeye na mimi, kwenye gogo, sahani za ugali na maharage magotini. Aliniambia sasa anauza mbegu na mbolea Katesh. Ualimu aliuacha baada ya miaka miwili. Nikasema nilisikia, nikauliza kwa nini, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Niliona darasani sina kitu," akasema. "Kuna walimu na kuna wachangamshaji. Mimi nilikuwa mchangamshaji. Mkuu, Mungu amrehemu, alinisaidia kuliona hilo. Unajua aliniambia?"

"Alikuambia nini?"

"Kwamba alikuuliza. Aliniita siku ileile. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kukataa uhamisho, iko mkobani, nataka tu anisainie. Akasema, 'Paulina anasema hatutayumba.' Nikaichana mbele yake. Maana wewe, dada, ulikuwa unanipenda, na hukuwa unakosea hesabu. Kama Paulina kasema, basi ndivyo." Alisema bila uchungu wowote, anamega ugali. "Nimeishi na hilo. Si vibaya mtu kujijua."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijiambia nilimhamisha tu. Mtu huhamishwa, akazoea. Sikujua kwamba lile neno langu alilibeba mwilini kama cheti cha daktari. Na hapa nikiri, hata wakati huo, mwanamke mmoja alipita akamwekea Rehema kipande cha parachichi kwenye sahani, mimi akaniruka, na nikaona.

"Nilidanganya," nikasema. "Hapana, kwanza nilikosea, halafu nikadanganya. Nilikuonea wivu, Rehema. Nilitaka uende nione utakuwa nani bila mimi. Wale watoto walianguka. Themanini na wanne, wakapita kumi na mmoja. Elizabeti aliniambia habari za Ijumaa zako. Tuliyumba hadi watu wa mkoa wakaja kuuliza. Ulikuwa mwalimu. Ulikuwa mwalimu kuliko mimi."

Aliweka sahani chini polepole. Wanawake walikuwa wanasuuza masufuria, majivu yanaruka.

"Walianguka lini?"

"Oktoba."

"Nilikuuliza Oktoba."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Karatasi zilikuwa mezani."

Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Alijifunika mdomo kwa khanga, na alipoitoa sauti yake ilikuwa ndogo, ile aliyotumia zamani kumwita mtoto wa nyuma kabisa darasani.

"Ungeniambia tu, Paulina. Ningerudi hata kwa miguu."

Nilijua angerudi. Ndiyo sababu sikumwambia.